Somo: Jinsi ya kuwapanga magwiji wa besiboli wa nyakati zote mnapochagua timu kwa zamu

Wakuu, habari za jioni. Kila Februari, kambi za mazoezi zinapokaribia kufunguliwa Florida na Arizona, tunakutana watu wanane hapa Ohio na kugawana wachezaji wa historia nzima ya besiboli. Ni kama manahodha wa chandimu wanavyogawana watu: mimi mmoja, wewe mmoja, mpaka timu zijae. Mwaka wa kwanza nilikuja na orodha ya wakubwa wote kwa mpangilio wa ukubwa wao. Nikatoka na mabingwa wanne wa uwanja wa nje wakati nafasi ni tatu, na aliyedaka mipira yangu ni yule ambaye wenzangu wote walikuwa wamempita. Orodha yangu ilijibu swali la nani mkubwa. Zamu inauliza swali jingine: nikimwacha huyu sasa, nitakuta nini nikirudi?

Kwa wageni wa mchezo: mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji mpira. Besi ni vituo vinne anavyozunguka mpigaji, na akivimaliza timu yake inapata mkimbio mmoja. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Shotistopu analinda eneo la kati ya besi ya pili na ya tatu, penye kazi ngumu kuliko sehemu nyingi za uwanja. Homrani ni mpira uliopigwa ukavuka uzio. Kila timu yetu ina watu wanane wa uwanjani, mpigaji mmoja wa ziada, warushaji watano na mfungaji mmoja wa mechi, yaani mrushaji wa kumalizia. Jumla kumi na watano.

Hatua ya 1: Andikeni masharti kabla ya kutaja jina lolote

Mchezaji anakuja na nini, maisha yake yote uwanjani au kilele chake? Mrushaji Sandy Koufax aliongoza National League (moja ya ligi mbili kuu, nyingine ni American League) kwa wastani mdogo wa mikimbio aliyoruhusu misimu mitano mfululizo, 1962 hadi 1966, kisha akastaafu akiwa na miaka 30 kwa sababu ya kiwiko. Mkihesabu kilele, ni mtu wa raundi za mwanzo. Mkihesabu maisha yote, ushindi wake wa mechi 165 unamteremsha mbali sana. Sisi tunahesabu maisha yote, na ubishi ukikaza tunaangalia misimu saba iliyo bora.

La pili ni Babe Ruth. Kabla ya kuuzwa Yankees alikuwa mrushaji hodari wa Boston, na alimaliza na ushindi wa mechi 94 kama mrushaji, mbali na homrani 714. Je, anahesabika nafasi mbili? Amueni mapema, maana jibu lake linabadilisha zamu ya kwanza yote. Kwetu jina moja ni nafasi moja.

Hatua ya 2: Mpime kila mtu na watu wa wakati wake

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliongoza American League nzima kwa wastani wa kupiga (sehemu ya majaribio ambayo mpigaji anafika besi kwa mpira alioupiga) wa 0.301. Mwaka 1930 wastani wa National League yote, wazuri na wabovu kwa pamoja, ulikuwa 0.303. Ukiziweka namba hizo mbili mezani bila kuuliza mwaka, bingwa wa 1968 anaonekana mtu wa kawaida. Mwaka ule warushaji walitawala mno, hata uongozi wa ligi ukashusha kilima cha mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10 kuanzia msimu wa 1969.

Warushaji nao ni hivyo hivyo. Wastani wa Bob Gibson mwaka 1968 ulikuwa mikimbio 1.12 kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima, namba inayotajwa kwa heshima mpaka leo. Lakini ligi yake nzima ilikuwa na 2.99. Pedro Martínez mwaka 2000 alikuwa na 1.74, katika ligi ambayo wastani wake ulikaribia tano. Mimi naliona la Pedro kuwa kubwa zaidi, na sioni lililo karibu nalo.

Kwa wapigaji tumieni kipimo cha OPS+, ambapo 100 ni mpigaji wa kawaida wa ligi ya mwaka huo baada ya kuzingatia uwanja anaochezea. Ruth ana 206 kwa maisha yote. Mwaka 1920 alipiga homrani 54, nyingi kuliko timu nzima yoyote nyingine ya American League. Hapo namba haihitaji wakili.

Hatua ya 3: Mlango uliofungwa

Kabla ya tarehe 15 Aprili 1947, siku Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn, ligi kuu za karne ile zilikuwa zimewafungia Weusi nje. Ruth hakukutana na Satchel Paige, mrushaji wa ligi za Weusi, katika mechi ya ligi. Josh Gibson, mdakaji wa ligi hizo, hakukutana na mrushaji Walter Johnson. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya siku ile, na kila nikipanga orodha hii jambo hilo linaniuma.

Desemba 2020 ligi kuu ilizitambua Negro Leagues (ligi hizo za Weusi) za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu za zaidi ya wachezaji 2,300 zikaingizwa kwenye kumbukumbu rasmi. Gibson akawa wa kwanza kwa wastani wa kupiga wa maisha yote, 0.372, akimpita Ty Cobb. Misimu ile rasmi ilikuwa mifupi, na mechi nyingi walizocheza wakizunguka miji hazihesabiwi, kwa hiyo msitumie jumla. Tumieni viwango. Kuhesabu homrani rasmi za Gibson na kuziweka kando ya 755 za Hank Aaron ni kumdhulumu mara ya pili.

Kanuni yangu: kila aliyecheza kabla ya 1947, awe upande wowote wa ukuta ule, namkata sehemu moja ya kumi.

Hatua ya 4: Rudisha miaka ya jeshi

Hii ni fupi. Ted Williams alipiga 0.406 mwaka 1941, kisha akakosa misimu mitatu kamili, 1943 hadi 1945, na sehemu kubwa ya 1952 na 1953 akiwa rubani vitani Korea. Willie Mays alikosa karibu msimu wote wa 1952 na wote wa 1953. Wajazie miaka hiyo kwa wastani wa misimu ya jirani. Hiyo si zawadi, walikuwa na nguvu zao na wakaitwa.

Hatua ya 5: Tafuta pengo katika kila nafasi

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha orodha yangu. Gawa karatasi kwa nafasi, andika majina kutoka juu kwenda chini, kisha tazama wapi kuna ngazi na wapi kuna korongo.

Chukua kipimo cha WAR, kinachokadiria ushindi ambao mchezaji ameiongezea timu yake kuliko ambavyo mtu wa akiba angefanya. Kwa maisha yote, Frank Robinson ana karibu 107, naye ni wa kumi na mbili hivi kati ya watu wa uwanja wa nje. Sasa nenda kwa mashotistopu. Honus Wagner wa Pittsburgh ana karibu 130, Alex Rodriguez karibu 117, kisha Cal Ripken karibu 96. Baada ya hapo unaporomoka hadi watu kama Ozzie Smith karibu 77 na Derek Jeter karibu 71. Yaani shotistopu wa tatu yuko chini ya mtu wa kumi na mbili wa nje! Tena huku nje, hata baada ya kumi na tano kuondoka, bado unaweza kumkuta Ken Griffey Jr. na homrani zake 630.

Wadakaji wanahitaji jicho la pili, kwa sababu WAR yao yote iko chini: magoti hayaruhusu mechi nyingi. Johnny Bench wa Cincinnati, mwenye Gold Glove (tuzo ya ulinzi bora uwanjani) 10, ana karibu 75, na wanaomfuata hawako mbali naye. Ukiishia hapo utasema hakuna pengo. Tazama upigaji. OPS+ ya Bench ni 126. Mike Piazza, mpigaji mkali kuliko wote katika wadakaji wa zama za karibuni, ana 143. Josh Gibson anaongoza historia yote kwa nguvu ya kupiga, yaani wastani wa besi anazopata kwa kila jaribio: 0.718 dhidi ya 0.690 ya Ruth. Mkate hiyo moja ya kumi yangu, bado unapata kipigo cha mtu wa uwanja wa nje kwenye nafasi ya mdakaji. Hilo ndilo korongo kubwa kuliko yote katika orodha, na ndiyo maana mimi, nisipokuwa namba 1, namchukua raundi ya kwanza.

Besi ya tatu, Mike Schmidt anastahili kuwahiwa, Gold Glove 10 na homrani 548. Besi ya kwanza Lou Gehrig, ila Albert Pujols na Jimmie Foxx hawako mbali. Warushaji ni wengi mno. Wasubirini. Mfungaji wa mechi ni Mariano Rivera, mwenye seivu 652, yaani mechi alizolinda ushindi wa timu hadi mwisho. Mchukueni raundi ya kumi na muendelee.

Hatua ya 6: Jua zamu yako inarudi lini

Tunatumia zamu ya nyoka: aliyechagua wa mwisho raundi ya kwanza anaanza raundi ya pili. Kwa timu nane, namba 1 anarudi kwenye chaguo la 16 na la 17. Namba 8 anachagua la 8 na la 9 papo hapo. Wengi wanaiogopa namba 8, mimi naipenda. Ni nafasi ya kufunga makorongo mawili kwa mpigo, kama Gibson na Wagner wamebaki.

Nikipata namba 1 namchukua Mays. Homrani 660, Gold Glove 12 ingawa tuzo yenyewe ilianza 1957 akiwa tayari na misimu kadhaa, na yote hayo kwenye ligi iliyokuwa imeshafungua mlango. Mkikubaliana kuwa Ruth anarusha na kupiga, basi Ruth ni wa kwanza, na sitabishana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, umempita Barry Bonds kimya kimya. Homrani 762, unamwogopa kwa ajili ya dawa za kuongeza nguvu?

Jibu: Simwogopi. Fanya hivi: futa kila kitu baada ya msimu wa 1998, miaka inayotiliwa shaka. Bado anabaki na homrani 411, besi za kuiba (alizokimbilia bila mpira kupigwa) 445, Gold Glove 8 na tuzo tatu za mchezaji bora wa ligi. Huyo peke yake ni mtu wa raundi mbili za mwanzo. Mnaokubali miaka yake yote, pamoja na homrani 73 za 2001, mchukueni ndani ya tatu bora. Kikundi kikubaliane hatua ya 1.

Swali: Cy Young ana ushindi 511 na tuzo inaitwa jina lake. Kwa nini hayuko juu?

Jibu: Ushindi ni wa timu zaidi ya mrushaji. Mwaka 1987 Nolan Ryan aliongoza National League kwa wastani mdogo wa mikimbio, 2.76, akamaliza na ushindi 8 na vipigo 16. Timu yake haikumfungia. Young anastahili heshima kwa kudumu kwake, lakini kati ya wa kale mimi namtanguliza Walter Johnson, mwenye mechi 110 alizomaliza bila kufungwa.

Swali: Nafundisha vijana Kampala. Wanamjua Ohtani tu. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na Ohtani mwenyewe, usiwanyang'anye. Mwaka 2022 alishinda mechi 15 kama mrushaji na kupiga homrani 34. Waulize nani mwingine amewahi kufanya kazi zote mbili kwa kiwango hicho, watafika kwa Ruth wenyewe. Kisha waonyeshe picha za video za Mays akiudaka mpira uliopigwa na Vic Wertz kwenye World Series (fainali ya ligi kuu) ya 1954, akikimbia akiwa ameupa mpira mgongo. Timu nne zinatosha, namba ziwe chache. Na waambie kuwa watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza Williamsport 2012, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, timu ya kwanza kutoka bara letu kwenye mashindano yale.

Swali: Kaka, hiyo moja ya kumi sikubaliani nayo. Wazungu waliwafungia wenzao nje. Gibson alifungiwa. Unawakataje sawa?

Jibu: Dada, swali hili limenikesha. Nilianza na hoja kwamba kila upande haukukutana na wazuri wa upande wa pili, kwa hiyo namba za wote zina hewa kidogo. Lakini kuna ushahidi unaoegemea upande wako. Paige aliruhusiwa kuingia ligi kuu 1948 akiwa na miaka 42, umri ambao warushaji wengi wako nyumbani. Akaichezea Cleveland, akashinda mechi 6 na kupoteza 1, wastani 2.48, na Cleveland ikatwaa World Series mwaka huo. Mtu wa ligi dhaifu hafanyi hivyo uzeeni. Paige simkati tena. Gibson naye, kuanzia Februari ijayo, simkati.

Swali: Nimepangiwa namba 5. Tuseme Mays, Ruth, Bonds na Wagner wameshaondoka. Gibson au Walter Johnson?

Jibu: Gibson. Unarudi chaguo la 12, katikati wanachaguliwa wachezaji sita. Hata wanne kati yao wakiwa warushaji, bado utamkuta mmoja kati ya Pedro, Greg Maddux, Tom Seaver, Lefty Grove au Randy Johnson. Mdakaji wa namna ya Gibson hutamkuta.