Somo la Kwaresima: Ulichojinyima Kimfikie Mwenye Shida

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwaresima, kipindi cha toba kabla ya Pasaka, huanza Jumatano ya Majivu na kukoma kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana, jioni ya Alhamisi Kuu. Kanisa linatuelekeza kwenye sala, kufunga na sadaka, kwa mfano wa Yesu aliyefunga siku 40 jangwani. Hapa Dar es Salaam naona waamini wengi wakishika sala na kufunga kwa bidii huku sadaka ikitolewa kwa kinachobaki tu, na hilo linanisikitisha.

Hatua ya kwanza: pokea majivu, kisha panga mapema siku ya kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, kwa maana foleni ya Juma Kuu ni ndefu na dhamiri haichunguzwi kwa haraka.

Hatua ya pili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mwenye umri wa miaka 18 hadi anapotimiza 59 hula mlo mmoja kamili, na anaruhusiwa vyakula vidogo viwili ambavyo kwa pamoja havifikii mlo huo. Kuacha nyama siku hizo na Ijumaa za Kwaresima kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito. Ukiacha supu na chapati za asubuhi, fedha yake itie kwenye kopo siku hiyohiyo, kabla haijageuka nauli ya daladala au vocha ya simu. Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, muulize mwenyekiti wa jumuiya yenu ya waamini ni nyumba gani ina mgonjwa au haijapika, upeleke unga na maharage mwenyewe, uketi na kuwasikiliza. Isaya sura ya 58 inataja funga ya namna hiyo: kumgawia mwenye njaa chakula chako.

Maswali ya wanajumuiya

*Katekista, samaki anaruhusiwa Ijumaa?*
Anaruhusiwa. Lakini ukienda soko la samaki la Feri kuchagua samaki mkubwa aina ya changu wa kufanyia karamu, umeshika sheria na kuliacha kusudi lake. Ugali na dagaa vinatosha.

*Mama yangu ana kisukari. Afanyeje?*
Mgonjwa halazimiki kufunga. Ale kama daktari alivyomwelekeza, atoe sala na muda wake.

*Mwaka 2025 Kwaresima ilianza Ramadhani ikiwa imeshaingia. Majirani zangu Waislamu wanashinda bila hata maji; je, funga yetu si hafifu?*
Tusishindanishe ibada. Chota katika kopo lako, ununue mihogo na nazi, uwapelekee futari kabla ya magharibi.