Masijala ya Mahakama: Maana ya Neno na Namna ya Kupata Nakala za Shauri Lako

Katika mahakama za Tanzania watu huambiwa "nenda masijala" kana kwamba kila mtu anajua kilichomo. Kilichomo ni vitu viwili: rejesta, ambamo shauri huingizwa na kupewa namba siku linapofunguliwa, na majalada, yaani faili la kila shauri kuanzia hati ya madai mpaka hukumu. Hakimu akihamishwa, jalada linabaki.

Neno lina mzizi mmoja na sajili, usajili na Msajili, nao ni wa Kiarabu: sijill, daftari la kumbukumbu. Chimbuko lake la mbali ni Kilatini, sigillum, maana yake mhuri. Mhuri ndio unaotenganisha nakala iliyothibitishwa na fotokopi ya duka la stesheneri. Kwa Mahakama Kuu neno limepanuka: "Masijala Ndogo ya Mwanza" kwenye kichwa cha hukumu si chumba cha mafaili, ni Mahakama Kuu inayokaa Mwanza.

Anza na namba ya shauri. Kama karatasi zako zina mbili, fupi ya shauri na ndefu ya mfumo wa kompyuta, andika zote. Bila namba, karani atatafuta kwa majina na mwaka, na hapo majina ya Kisukuma husumbua: Ng'wandu, Ngwandu na Mwandu anaweza kuwa mtu yuleyule. Mpe tahajia iliyoko kwenye hati ya kwanza, si ya kitambulisho chako.

Kisha andika barua. Kwa mahakama ya mwanzo, ya wilaya na ya hakimu mkazi, mwandikie Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu msimamizi wa mahakama hiyo. Kwa Mahakama Kuu, mwandikie Naibu Msajili. Taja namba, wadaawa (wahusika wa shauri) wote, tarehe ya hukumu, simu yako, na unachotaka kimoja kimoja: hukumu, dikrii, yaani hati fupi ya kile mahakama ilichoamua (au amri), mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, vielelezo. Ukiandika "nakala za kesi" tu, usishangae ukipewa hukumu peke yake. Toa barua tatu: moja ya masijala, mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, moja yako na moja ya kumpelekea mpinzani wako. Ukitakiwa kulipa, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze stakabadhi. Pesa unayompa mtu mkononi haina ushahidi.

Muda ndipo wengi wanapoumia. Rufaa ya kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30, na si lazima kuambatanisha nakala ya hukumu. Kwa hiyo usikae kuisubiri, siku zinahesabika. Madai yaliyoanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kwenda Mahakama Kuu ni siku 90, na siku zilizohitajika kupata nakala hazihesabiwi. Jinai zilizoanzia mahakama hizohizo: notisi, yaani taarifa ya kusudio la kukata rufaa, ndani ya siku 10, rufaa ndani ya 45. Aliyeko gerezani, mfano Butimba jijini Mwanza, hupitishia hati hizo kwa mkuu wa gereza. Kwenda Mahakama ya Rufani katika madai, notisi ni siku 30, rufaa siku 60 baada ya notisi. Barua ya kuomba mwenendo nayo iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi na mpinzani apewe nakala. Usipompa, cheti cha Msajili kinachoondoa siku za kusubiri nakala kwenye hesabu hakitakusaidia.

Siku ya kuchukua, usiondoke kaunta kabla ya kusoma. Dikrii lazima iwe na tarehe ileile hukumu iliposomwa. Kwa kuwa huchapwa baadaye, mara nyingi hubeba tarehe ya kuchapwa, na rufaa zimeondolewa mahakamani kwa kosa hilo. Linganisha majina na namba, hesabu kurasa za mwenendo, tazama saini na mhuri. Kosa usilifute kwa kalamu. Rudisha kwa barua siku hiyohiyo.

Hukumu nyingi zinapatikana pia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure. Ni nzuri kwa kusoma, ila ukurasa uliochapwa kutoka mtandaoni haubebi mhuri.

Kwa shauri la zamani, jalada huenda halipo lilikosikilizwa. Rufaa ikikatwa, jalada halisi hupelekwa mahakama ya juu, hivyo uliza lilitumwa tarehe gani na kwa rufaa namba ngapi. Kwa shauri la kisiwani Ukerewe, piga simu kwanza, usije ukapanda meli mpaka Nansio kumbe jalada liko Mwanza mjini.

Likiwa limepotea kweli, usikubali jibu la mdomo. Andika kuomba litafutwe, na lisipopatikana liundwe upya kutokana na nakala za wadaawa, uambatanishe fotokopi za kila hati yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Zenye muhuri halisi baki nazo.