Gesi ya AC ya gari hupimwa kwa mzani

Mwezi wa pili hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jua likishapanda, magari yanayosimama mbele ya banda langu huja na ombi moja: "Fundi, niongezee gesi kidogo." Mwingine ametoka Koboko madirisha wazi, vumbi jekundu limemkaa hadi kwenye kope. Mwingine amepita Pakwach saa nane mchana, na aliyepita pale saa hiyo bila AC hahitaji kuelezwa joto ni nini. Nawaonea huruma kweli. Lakini kama hatujui ndani imebaki gesi kiasi gani, mtungi siufungui. Nieleze kwa nini, kisha nieleze ninavyofanya, ili hata kama gari lako liko kwa fundi mwingine ujue cha kutazama mkononi mwake.

Fikiria mtungi wa gesi wa jikoni. Ukiwa umejaa, moto unawaka vizuri. Ukibaki robo, moto ni ule ule, mpaka siku unazimika chai ikiwa bado haijachemka. Anayesukuma ni mvuke ulio juu ya gesi ya maji, yaani gesi iliyogeuka kimiminika, na nguvu ya mvuke huo hufuata joto, haifuati wingi. R134a, gesi iliyomo katika magari mengi tunayoendesha Uganda, ina tabia hiyo hiyo. Injini ikiwa imezimwa na joto ni nyuzi 28, geji ya presha itasoma kama psi 90 (psi ni kipimo cha presha), iwe ndani mna gramu 200 au gramu 500. Injini ikiwaka, geji huanza kusema jambo, ila husema mambo mengi kwa mkupuo: wingi wa gesi, joto la nje, nguvu ya feni, uchafu wa kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari. Kondensa iliyoziba na gesi iliyozidi zote hupandisha presha ya upande mkubwa, ule unaotoka kwenye kompresa (pampu ya AC). Ukitazama sindano peke yake utazitofautishaje?

Somo hili nililipia. Nikiwa kijana, bado naajiriwa kwenye gereji Kampala, nilijaza gari la mzee mmoja kwa kutazama geji tu. Upepo ulitoka baridi, mzee akaondoka ananishukuru. Wiki chache baadaye akarudi, kompresa imekwama, haizunguki. Nilikuwa nimeweka gesi pungufu. Katika magari mengi oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikiwa chache, oili hubaki imelala huko ndani kwenye evapureta, kile kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi, na kompresa inazunguka kavu. Nilikatwa mshahara kumnunulia nyingine, na ilikuwa haki. Mwezi uliofuata nilinunua mzani.

Kwa hiyo kazi inaanza na namba. Fungua boneti, tafuta lebo ya AC. Mara nyingi imebandikwa chini ya boneti penyewe au kwenye chuma cha mbele juu ya rejeta. Magari yetu mengi yametoka Japani, na lebo imejaa maandishi ya Kijapani, lakini "HFC-134a", ambayo ndiyo R134a, na tarakimu zenye herufi g zinasomeka na yeyote. Gari dogo mara nyingi ni kati ya gramu 400 na 550. Gari la abiria lenye AC ya nyuma huchukua nyingi zaidi, wakati mwingine karibu mara mbili, kwa hiyo usichukue namba ya jirani. Lebo ikiwa imebanduka, tafuta kiasi kwa namba ya chasisi, usikisie. Ukikuta R1234yf, simama hapo: ni gesi nyingine, inaweza kushika moto, viungio vyake ni tofauti, na haichanganywi na R134a.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua, imetoka mahali. Mpira na viungio hupitisha kidogo sana kwa miaka, lakini gari lililokuwa baridi Krismasi na leo gesi yake imepungua sana lina tundu. Tafuta alama ya mafuta yenye vumbi lililoganda, maana gesi ikitoka hutoka na oili. Huku kwetu naanzia chini ya kondensa, mahali mawe ya barabara za udongo yanapopiga, halafu valvu ndogo za kujazia, zile zenye sindano kama ya tairi, halafu oringi, zile pete za mpira za viungio. Nasukuma naitrojeni ndani na kupaka povu la sabuni. Hewa ya kujazia matairi siitumii, ina unyevu. Na kama ndani bado kuna gesi, ivutwe kwa mashine ya kuikusanya, isiachiwe hewani: kilo moja ya R134a hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksaidi, na ndiyo maana nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza gesi za aina hii.

Ukishaziba, osha kondensa kwa maji ya kawaida yasiyo na nguvu nyingi. Mbegu za nyasi na wadudu wa njia ya Karuma nimewahi kuwatoa kiganja kizima. Kuna magari yaliyopona hapo hapo.

Sasa vakyumu, yaani kuvuta hewa yote itoke ndani ya mfumo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu imewasumbua mafundi wengi wa huku. Maelekezo mengi husema vuta mpaka geji isome karibu inchi 30 za zebaki. Namba hiyo ni ya pwani. Arua iko kama mita 1,200 juu ya bahari, Kampala karibu vile vile, na hewa yetu ni nyepesi: hata pampu ikivuta kila kitu, geji haitapita inchi 26 hivi. Nimemwona kijana akifungua dashibodi nzima kutafuta tundu ambalo halikuwepo, eti geji imegoma kwenye 26. Haikugoma, ilikuwa imefika. Acha pampu ivute dakika 30 hadi 45, kama mfumo ulikaa wazi siku nyingi ivute zaidi, maana lengo ni maji yaliyomo yachemke na kutoka. Kisha funga valvu za geji, zima pampu, kanywe chai dakika 20. Sindano ikiwa imerudi, bado kuna tundu, au unyevu ungali unachemka. Hapo gesi isiingie.

Kama kompresa au kondensa imebadilishwa, rudisha oili kwa kiasi na kwa aina. Gari la haiburidi lenye kompresa ya umeme halitaki PAG, oili ya kawaida ya AC. Lina oili yake isiyopitisha umeme, na tone la oili nyingine linaweza kuharibu kompresa ya bei kali.

Kabla ya kujaza napima mtungi wenyewe. Ukiwa umelala usiku kucha kivulini, presha yake inapaswa kulingana na joto la mahali. Nyuzi 28 zikikupa psi 120, ndani kuna hewa au gesi ya kuchanganya. Naurudisha dukani.

Weka mtungi juu ya mzani unaosoma gramu. Unganisha hosi ya njano ya geji, fungua mtungi, legeza hosi upande wa geji kwa sekunde moja hewa itoke, kaza. Andika uzito au rudisha mzani kwenye sifuri. Vaa miwani na glavu. Gesi hii huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na inaunguza ngozi. Injini ikiwa imezimwa, pindua mtungi na uingize gesi ya maji kupitia upande wa presha kubwa. Gesi ikigoma kuingia, funga kabisa valvu ya geji ya upande huo mkubwa, simamisha mtungi, ndipo uwashe gari. Valvu ile ikiwa wazi injini inawaka, presha ya kompresa itarudi mtungini na mtungi unaweza kupasuka. Naomba usilisahau hili hata siku moja.

Malizia kwa upande mdogo, ule wa presha ndogo unaorudi kwenye kompresa, mtungi wima, AC ya juu kabisa, injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika. Mtungi ukipoa na kulegea, usiupashe kwa moto. Maji ya vuguvugu kwenye beseni yanatosha, ila uufute ukauke kabla ya kuurudisha kwenye mzani. Lebo ikisema 500, funga kwenye 500. Hosi ndefu ikiwa na gesi ya maji hushika gramu 30 au zaidi, kwa hiyo funga mtungi kwanza, acha kompresa ivute kilichobaki kwenye hosi.

Geji sasa ni za kuhakikisha tu. Kwa joto la nyuzi 30, nategemea psi 30 hadi 45 upande mdogo na 180 hadi 250 upande mkubwa, na kipimajoto kwenye tundu la kati la dashibodi kishuke chini ya nyuzi 10 gari likiwa kwenye mwendo. Kama uzito ni sahihi na bado halipoi, tatizo si gesi: tazama feni, valvu ya upanuzi (ile inayopunguza presha ya gesi kabla ya evapureta), kompresa. Kuongeza gramu 100 "ili lipoe zaidi" kunalifanya lipoe vibaya kuliko mwanzo na kuichosha kompresa.

Mwisho nachukua kipande cha stika, naandika tarehe, aina ya gesi na gramu nilizoweka, nabandika kando ya lebo ya kiwandani. Fundi atakayelifungua gari hilo Nebbi au Kampala ataikuta.