Jinsi ya Kupunguza Nzi Wanaouma Ng'ombe Bandani na Malishoni

Ng'ombe wa maziwa anayepiga miguu chini mchana kutwa, anayerusha kichwa nyuma kila mara na kuacha kula ili ajibane katikati ya wenzake, anasumbuliwa na nzi wanaonyonya damu. Nguvu ambayo ingegeuka maziwa inaishia katika kujitetea. Wafugaji wengi wakiona hali hiyo hukimbilia dukani kununua dawa, na dawa kweli ina nafasi yake, lakini kwa ng'ombe anayefugwa ndani, nzi wengi wanaomtesa wamezaliwa hatua chache tu kutoka kwenye hori lake. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na beleshi kabla ya bomba la dawa.

Kwanza mtambue nzi mwenyewe, kwa kuwa kila aina ina mazalia yake na kinachomwangamiza mmoja huenda kisimguse mwingine. Simama ubavuni mwa ng'ombe jua likishapanda, utazame miguu. Nzi wa mazizini anafanana sana na nzi wa nyumbani, ila ana mrija mgumu na mwembamba unaochomoza mbele ya kichwa. Hutua zaidi miguuni, hunyonya kwa dakika chache, kisha huenda kutulia ukutani au kwenye nguzo yenye jua ili damu isagike tumboni. Dume na jike wote huuma. Pange ni mkubwa zaidi, ana macho mapana yanayong'aa, na hukata ngozi badala ya kuitoboa, hivyo akiruka huacha damu ikichuruzika. Kwao jike peke yake ndiye anayenyonya damu. Mbung'o, ambaye sehemu nyingi huitwa ndorobo, ni wa rangi ya kahawia, na akitua hukunja mabawa yake bawa moja likilala juu ya jingine.

Kwa nzi wa mazizini kipo kipimo rahisi: hesabu nzi waliotua kwenye miguu ya mbele ya kila ng'ombe, kisha utafute wastani. Wakifikia watano kwa mguu mmoja, ujue hasara ya maziwa imeshaanza. Andika hesabu hiyo pamoja na tarehe, maana bila hiyo hutajua kama kazi utakayofanya imeleta nafuu.

Kusafisha mazalia

Nzi wa mazizini hatagi mayai yake kwenye kinyesi kilichotoka sasa hivi. Anachokipenda ni mchanganyiko unaooza: kinyesi, mkojo na mabaki ya malisho vilivyokaa pamoja kwa siku kadhaa bila kukauka. Chukua kijiti ufukue chini ya hori, kwenye pembe ambako mabua ya mabingobingo yaliyokataliwa hurundikana na ufagio haufiki. Juu patakuwa pakavu, lakini ukichimba kidogo utakuta unyevu, funza weupe wanaojipinda, na pembeni kidogo vifuko vya rangi ya kahawia iliyoiva, vidogo kuliko punje ya mchele, ambamo nzi wapya wanasubiri kutoka. Sehemu nyingine za kuchunguza ni matandiko ya ndama, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote, ukingo wa shimo la sileji (malisho yaliyovundikwa), mahali pumba zinapomwagika, na eneo linalozunguka birika la maji linalovuja.

Katika joto letu, yai huweza kuwa nzi kamili ndani ya wiki mbili hadi tatu. Mfugaji anayeondoa uchafu huu wote mara mbili kwa wiki humkatia nzi njia kabla hajakomaa, ilhali anayesafisha mara moja kwa mwezi anakuwa ameshakilea kizazi kizima. Kuondoa peke yake hakutoshi iwapo samadi inahamishiwa nyuma ya banda na kuachwa ikiwa mbichi. Ama itandaze nyembamba juani mpaka ikauke, ama itie kwenye mtambo wa biogesi, ama ilundike vizuri na kuifunika kwa turubai au plastiki nzito ili joto la kuoza liue funza. Kumbuka kwamba funza hukimbilia kingo za lundo ambako joto ni dogo, kwa hiyo unapoligeuza hakikisha samadi ya pembeni inaingia katikati.

Sakafu nayo itazamwe. Mteremko wa sentimita mbili au tatu kwa kila mita moja unatosha kuufikisha mkojo kwenye mfereji, na sakafu iliyobomoka izibwe, kwa sababu kila kidimbwi kinachobaki ni mazalia mapya.

Dawa na vyandarua

Baada ya usafi, dawa inafanya kazi kwa gharama ndogo. Zile za jamii ya pairethroidi, kama vile deltamethrini, zilizosajiliwa kwa mifugo, zinyunyiziwe baada ya kukamua na katika siku isiyo na dalili ya mvua. Huna haja ya kumlowesha ng'ombe mzima kwa ajili ya nzi hawa: nzi wa mazizini na mbung'o huuma zaidi miguuni na tumboni, kwa hiyo kunyunyizia sehemu hizo huokoa dawa nyingi na huwapunguzia madhara wadudu wema wanaofukia kinyesi. Kwa kupe, hata hivyo, endelea kuogesha kwa utaratibu uliopangiwa na afisa mifugo wako. Zingatia kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko na siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa, usimwage mabaki karibu na mto au bwawa la samaki, na nakusihi usimpake ng'ombe dawa ya kuulia wadudu wa mazao hata kama ni ya bei nafuu, kwani inaweza kumuua na kumdhuru anayekunywa maziwa yake.

Kwa banda la ng'ombe wasiotoka nje, kuzungushia uzio wa chandarua chenye dawa, wenye kimo cha takriban mita moja, ni njia iliyokwisha kujaribiwa magharibi mwa Kenya na kupunguza nzi. Nzi wengi huruka chini wanapomfuata mnyama, hivyo hugusa wavu kabla hawajamfikia.

Pange ni mgumu zaidi, kwa kuwa funza wake hukaa katika matope ya mabwawa na kingo za vijito ambako mfugaji hana uwezo wa kuwafikia. Epuka kuchunga kando ya bwawa jua linapokuwa kali, na uwape ng'ombe kivuli.

Palipo na mbung'o

Wanaofuga karibu na mapori wana mzigo mwingine, yaani nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na mbung'o. Ng'ombe anayekonda ingawa anakula, mwenye fizi zilizopauka, homa inayokuja na kuondoka, au anayetupa mimba, apimwe damu kwa darubini na mtaalamu kabla ya kudungwa sindano. Dawa iitwayo diminazini hutibu, na ile ya isometamidiamu hukinga kwa miezi michache. Kuzitumia kwa kubahatisha huzalisha vimelea sugu, na hilo litamwathiri jirani pia.

Udhaifu wa mbung'o uko katika uzazi wake: jike huzaa funza mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi, kwa hiyo hata mitego michache iliyowekwa kwa kudumu hupunguza idadi yake. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, kama ule uliobuniwa Nguruman nchini Kenya, iwekwe mahali peupe panapoonekana kwa mbali, majani yanayouzunguka yafyekwe, na chupa ya mkojo wa ng'ombe iwekwe kando yake kama chambo. Mbung'o wa vichaka vya pwani hawaingii kirahisi katika mitego hiyo. Kule Unguja walinaswa kwa mbao zilizopakwa gundi. Huko idadi yao ilipunguzwa kwanza kwa dawa, kisha kuanzia mwaka 1994 yakaachiwa madume yaliyofanywa tasa, yaliyokuzwa Tanga, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Bara hatuna bahari ya kuwazuia wasirudi. Mfugaji mmoja akinyunyizia leo na jirani yake mwezi ujao, mbung'o huhamia kwa yule ambaye hajanyunyizia, kisha hurejea. Kubalianeni siku moja ya kunyunyizia kwa kitongoji kizima, mkiirudia kila baada ya wiki mbili hadi nne kulingana na dawa na mvua, na wiki tatu baada ya kuanza kila mmoja ahesabu upya nzi miguuni na kulinganisha na hesabu yake ya kwanza.