Kupangia njia meli isiyo na nahodha kwenye barafu, ukiwa Goma

Ziwa Kivu haligandi, na boti za Bukavu zinapita Idjwi bila kuulizia barafu. Lakini ramani za barafu ya Aktiki ni za bure kwenye intaneti, na kwa vijana wanaokuja kwangu Himbi kujifunza programu sina zoezi ninalolipenda kuliko hili. Python inatosha. Pakueni data usiku na muihifadhi kwenye diski, maana umeme wetu mnaujua.

Anza na gridi, yaani kuigawa bahari miraba, na usiigawe kwa digrii. Hapa karibu na ikweta digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 111. Kwenye latitudo 75 zimebaki 29 hivi. Programu isiyojua hilo itakupa njia iliyopinda ovyo. Chuo Kikuu cha Bremen, Ujerumani, kinatoa kila siku ramani ya kiasi cha bahari kilichofunikwa na barafu, kwa miraba ya kilomita 6.25, iliyochorwa kufuata ncha ya dunia. Itumie hivyo hivyo.

Sasa bei ya kila mraba. Wengi wanakimbilia A*, algoriti ya mwaka 1968 inayotafuta njia ya bei ndogo kabisa, ambayo ni mistari michache tu. Kazi yenyewe iko kwenye bei. Mwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, iliyojaa makala (mkaa) hapimi mita. Anazunguka mawe ya lava hata kama njia inarefuka. Kwa meli, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lina hesabu iitwayo POLARIS. Kila aina ya barafu ina namba yake kulingana na uimara wa meli, na maji matupu yana 3. Tuseme barafu nene imepewa -2 na imefunika sehemu 6 kati ya 10: sehemu 4 za maji mara 3 ni 12, 6 mara -2 ni -12, jumla sifuri. Unapita. Barafu ikifika sehemu 7, unapata -5, na meli iliyojengwa kwa bahari za ncha inabidi ipunguze mwendo. Chini ya -10 mimi nafunga mraba kabisa. Kisha geuza mwendo kuwa muda: bei ni saa za kuuvuka mraba. Ila ramani ya Bremen haisemi unene. Huo utafute kwenye chati za idara ya barafu ya Kanada.

Kwenye kila mraba A* inakadiria bei iliyobaki hadi mwisho wa safari, na makadirio hayo yasizidi bei halisi. Gawanya umbali ulionyooka kwa kasi ya juu kabisa ya meli, si ya wastani. Wastani unaharakisha programu, lakini unaweza kuikosesha njia bora.

Njia ikishatoka, bado barafu inatembea. Mvumbuzi Mnorwe Nansen, akiwa na meli ya Fram kati ya 1893 na 1896, aliona inasukumwa kwa takriban asilimia 2 ya kasi ya upepo, ikikengeuka digrii 20 hadi 40 kulia. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unaihamisha kama kilomita 17 kwa siku, karibu miraba mitatu! Isogeze barafu kwa utabiri wa upepo, upige hesabu upya kila baada ya saa 6.

Vipande vidogo setilaiti haivioni. Hivyo ni vya rada na kamera za meli, na vinahitaji mpangaji wa pili, yaani programu nyingine ya kupanga njia, wa mita mia chache. Huyo usimpe miraba, kwa sababu meli haigeuki papo hapo: mwandalie mikunjo ambayo meli inaiweza kweli kwa kasi iliyo nayo, achague kati ya hiyo.