Kompyuta Inawaka Lakini Skrini Ni Nyeusi: Anza na RAM

Hii ni kwa mwenye kompyuta ya mezani ambayo taa inawaka, feni inazunguka, na skrini haileti kitu. Nimeiandika baada ya kumsaidia jirani aliyekwisha kuambiwa anunue madabodi mpya (bodi kuu ya kompyuta), na madabodi yake ni nzima. Huku kwetu Mombasa hewa ina unyevunyevu na chumvi, na vichuma vinavyogusana ndani ya mashine ndivyo huathirika mapema.

Hatua ya 1. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Fungua kava.

Hatua ya 2: RAM, yaani kibao chembamba cha kumbukumbu kinachochomekwa kwenye madabodi. Hapa usiharakishe. Gusa kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini. Fungua vibanio, toa RAM ukiishika kingo, usiguse meno yake ya dhahabu. Hata yakionekana masafi, yasafishe: ukungu wa chumvi mara nyingi hauonekani kwa macho.

Tumia pombe ya aisopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya kusafishia vidonda siipendekezi, kwa sababu nyingine huwa na mafuta yanayobaki juu ya meno. Ukikosa aisopropili, raba nyeupe ya mwanafunzi inafaa, mradi usugue taratibu na upanguse vumbi lake lote. Msasa, hapana kabisa! Unakwangua dhahabu, na chuma cha chini kitapata kutu upesi zaidi. Tundu la RAM lisafishe kwa brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo, mate nayo ni maji.

Ngoja pombe ikauke. Rudisha RAM moja tu, uilinganishe na pengo lake, ukandamize mpaka vibanio vyote vilie. Washa. Isipoleta picha, ihamishie tundu jingine, kisha jaribu RAM ya pili peke yake kwa mtindo huohuo. Ukiziweka zote pamoja hutajua mbovu ni ipi.

Hatua ya 3. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila ukiwasha, badilisha betri ya CR2032, ile ndogo ya duara iliyo kwenye madabodi.

Hatua ya 4. Feni ikigoma kabisa, shuku pawa saplai, kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Usiifungue, hata ikiwa imechomolewa: kapasita zake huweka umeme hatari. Azima nzima ujaribu, ila mashine nyingi za Dell na HP za mtumba zina plagi zao wenyewe. Ikiwa ina swichi nyekundu nyuma, hakikisha inasoma 230 kabla ya kuwasha. Ikiwa kwenye 115, umeme wetu wa volti 240 utaiunguza.

Hatua ya 5. Picha ikirudi lakini diski inayohifadhi kazi zako (hard disk) inagonga tik-tik, usianze kurekebisha Windows. Nakili picha na hati zako kwenye diski nyingine papo hapo, ukianza na zile usizoweza kuzipata tena.