Namna ya kuanzisha ithibati ya daladala zinazowahudumia vyema abiria wenye ulemavu

Mwongozo huu ni wa wenye gari, viongozi wa vyama vya madereva na makonda, masheha na jumuiya za watu wenye ulemavu Unguja na Pemba. Kazi yangu ni kufundisha madereva na makonda na kukagua gari za abiria hapa Pemba, na ninayoyaeleza ndiyo tunayoyafanya stendi. Uwe una gari moja ya Chake–Mkoani au ni katibu wa chama chenye gari za njia tatu, hatua ni zile zile.

Ithibati ninayoisema ni ya hiari. Chama na jumuiya wanakubaliana masharti, gari na wafanyakazi wake wanapimwa, wakifaulu wanapewa cheti na stika, wakiharibu wananyang'anywa. Haichukui nafasi ya leseni ya njia, bima wala ukaguzi wa serikali. Gari isiyo na hivyo isipokewe hata fomu yake.

Wazo lenyewe limeshajaribiwa kwengine. Uingereza, mkakati wa serikali wa usafiri jumuishi uliotoka Julai 2018 uliahidi mpango wa kuwatambua rasmi watoa huduma wanaowajali abiria wenye ulemavu, ukaweka na lengo la usafiri ulio sawa kwa wote ifikapo 2030. Lakini kule kulikuwa tayari na kanuni za mwaka 2000, zinazotaka basi la njia linalobeba abiria zaidi ya 22 liwe na nafasi ya kiti cha magurudumu. Sisi tunaanza na gari nyingi ambazo mlango uko nyuma, ngazi iko juu, na paa linamtaka mtu mzima ainame. Ukisubiri gari zibadilike ndipo uanze, hutaanza. Pima kwanza alivyotendewa abiria, chombo kifuate.

Hatua ya 1: Kaa na abiria kabla hujakaa na madereva

Zanzibar hatuna upungufu wa jumuiya za kuzungumza nazo. Ipo UWZ, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, iliyoanzishwa 1985. Wapo ZANAB kwa wasioona, CHAVIZA kwa viziwi, ZAPDD kwa watu wenye ulemavu wa akili, na SHIJUWAZA, shirikisho linalozikusanya jumuiya hizi. Waandikie barua rasmi na upitie kwa sheha wa shehia husika.

Kikao kimoja cha watu wote hakitoshi. Kaa na kila kundi peke yake, kwa sababu anachokitaka kiziwi si anachokitaka mtumia kiti cha magurudumu, na kwenye kikao kikubwa atasikika mwenye sauti tu. Lipa nauli ya kila aliyekuja na msaidizi wake. Weka mkalimani wa lugha ya alama aliyechaguliwa na viziwi wenyewe. Wanawake wapate wasaa wao bila wanaume, maana wana mambo ya namna wanavyoshikwa wakipandishwa garini ambayo hawatayasema mbele ya kila mtu.

Uliza jambo moja: mara ya mwisho ulipopanda gari, kilitokea nini tangu uliposimama barabarani mpaka uliposhuka? Andika maneno yao yalivyo, usiyapambe. Masharti yako yote yatatoka humo.

Hatua ya 2: Tenga wajibu na ziada

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinautaja usafiri waziwazi. Zanzibar tuna Sheria Namba 8 ya 2022 ya watu wenye ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile Namba 9 ya 2006. Zisome pamoja na mtu wa sheria.

Ukimaliza, chora mstari. Kutomkataa abiria, kutomtukana, kutomwongezea nauli: haya hayapewi alama hata moja. Ni sharti la kuingia. Ukianza kumpa konda zawadi kwa sababu hakumwacha mtu barabarani, umeshawaambia wote kuwa kumwacha ni jambo la kawaida.

Hatua ya 3: Andika masharti ya huduma

Yatoshe kurasa mbili, kwa Kiswahili ambacho konda atakisoma akiwa amesimama. Haya ndiyo tunayoyatumia.

Gari isimame kabisa, si kutambaa, na isimame pahala mguu unapofika chini pakavu. Barabara zetu nyingi zina mtaro pembeni. Dereva akisimamisha mlango juu ya mtaro, mtu wa magongo hawezi kushuka hata angesaidiwa na watu wanne.

Kwa asiyeona, konda atangulize salamu, ataje njia na ajitambulishe, kisha aulize asaidie vipi kabla hajamgusa. Wengi hupenda kukushika wao kiwiko au bega, wakufuate. Usimvute kwa fimbo yake nyeupe. Akishakaa, mwambie yuko wapi: kiti cha mwisho kulia, mlango uko nyuma yako. Kila kituo kitajwe kwa sauti hata kama anayeshuka ni mmoja.

Kwa kiziwi, konda amwangalie usoni na aonyeshe nauli kwenye kadi yenye majina ya vituo na bei. Kadi hii kila gari iwe nayo, imebandikwa plastiki isilowe. Konda na dereva wajifunze alama chache kwa CHAVIZA: nauli, kituo, subiri, umefika. Kiziwi akikaa karibu na konda, kumgusa bega kidogo kunatosha kumjulisha amefika.

Kiti cha magurudumu kinasafiri bure na kinasafiri ndani. Kwenye karia, juu ya paa, hakipandi, kwa sababu kikianguka au kikipinda, mwenyewe amepoteza miguu yake na si mzigo. Kabla ya kukiinua, funga breki, uliza kipi kinachotoka, kisha shika fremu. Usishike sehemu za kuegemeza mikono wala magurudumu; vingi vinachomoka, na mtu akaanguka chali.

Mtu mwenye ulemavu wa akili anayesafiri peke yake ateremshwe pale pale alipoelekezwa. Kama anayempokea hajafika, konda apige simu aliyopewa, asimwache kituoni.

Mwenye ualbino akalishwe upande usio na jua. Gari ya asubuhi kutoka Chake kwenda Mkoani inaelekea kusini, jua liko kushoto. Jioni linahamia kulia. Konda hahitaji mafunzo marefu kwa hili, anahitaji kulikumbuka tu kabla gari haijajaa.

Hatua ya 4: Pima chombo kwa futi kamba

Tuna ngazi mbili za cheti: ya huduma, ambayo gari yoyote yenye wafanyakazi wazuri inaweza kuipata, na ya chombo, ambayo ni ya gari iliyofanyiwa marekebisho. Msizichanganye. Mtumia kiti cha magurudumu akiona stika lazima ajue kama ataingia akiwa kwenye kiti chake au atahamishwa.

Kwa ngazi ya huduma, pima kimo cha ngazi ya kwanza ya mlangoni kutoka chini, gari ikiwa haina abiria. Ikiwa juu sana, tajiri, yaani mwenye gari, atengeneze kidaraja cha mbao cha kubebeka, nusu ya kimo hicho, chenye mpira chini kisiteleze. Kinakaa chini ya kiti na kinawafaa pia wazee na mama wajawazito. Ukingo wa kila ngazi upakwe rangi ya manjano. Bomba la kushikia mlangoni liwe la duara, unene wa milimita 30 hadi 35, kama zilivyo kanuni za Uingereza, na nimeona ni kipimo kizuri: bomba nene zaidi ya hapo mkono dhaifu haulizunguki. Fundi wa kuchomelea analifunga kwa muda mfupi.

Kwa ngazi ya chombo, nafasi ya kiti cha magurudumu iwe na urefu wa milimita 1,300 na upana wa 750, tupu, yenye mikanda ya kufungia kiti na ya abiria mwenyewe. Kazi ngumu ni njia mteremko. Kipimo cha majengo ni moja kwa kumi na mbili, yaani kimo kimoja kwa urefu wa kumi na mbili. Kwa sakafu ya gari iliyo sentimita 40 juu ya ardhi, hapo unahitaji ubao wa karibu mita 5, ambao hakuna gari itakayoubeba. Ubao wa mita 2 unakupa moja kwa tano. Huo ni mkali, hivyo haupandwi bila msaidizi mwenye nguvu nyuma ya kiti. Kushuka, kiti kinateremshwa kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini. Asiyefundishwa hivi asiruhusiwe kuugusa ubao.

Hatua ya 5: Malizana na tajiri kuhusu hesabu na zamu

Mipango mingi mizuri inafia hapa. Konda anayemwacha mama mwenye mtoto wa kiti cha magurudumu mara nyingi si mtu mwenye roho mbaya. Anapiga mahesabu ya dakika: kupakia kiti ni muda, kiti kinakula nafasi ya vichwa viwili, na jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, yaani fedha za siku walizopatana. Ukimfundisha konda upole na ukaiacha hesabu kama ilivyo, umemtwika mzigo wa watu wawili.

Kwa hiyo tajiri atie saini kabla ya konda. Akubali kwamba nafasi iliyochukuliwa na kiti cha magurudumu haihesabiwi kama pengo la konda, na kwamba hatamfukuza mtu kwa kuchelewa kwa sababu hiyo. Kama gari inapokea abiria hao mara kwa mara, kwa mfano wanaokwenda Hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, mapatano ya hesabu ya siku yaangaliwe upya.

Kisha nenda kwa viongozi wa stendi. Gari inayopakia abiria mwenye ulemavu isipoteze zamu yake kwenye foleni, na wapiga debe wasiisukume itoke. Liandikwe na lisainiwe. Nakala ibandikwe ofisi ya stendi, mtu akibisha aonyeshwe.

Hatua ya 6: Fundisha ndani ya gari

Nusu siku inatosha, stendi, gari ikiwa imezimwa. Walimu wawe watu wenye ulemavu na walipwe kama walimu wengine. Kila dereva na kila konda ampandishe na kumshusha mtu wa kweli, si mwenzake aliyefunga macho kitambaa. Madeiwaka, wanaoshika kazi kwa siku badala ya wenyewe, nao waje. Huduma ya gari nyingi huharibika siku ambayo konda wa kawaida anaumwa na deiwaka ndiye aliyeshika mlango.

Hatua ya 7: Tuma abiria wa siri

Mafunzo hayampi mtu cheti. Baada ya wiki chache, jumuiya ziwatume wanachama wao wapande gari hizo bila kujitambulisha, asubuhi wakati wa wanafunzi wa skuli, na jioni gari zinapojaa. Gari ya saa nne asubuhi iliyo nusu tupu haina cha kukuonyesha.

Fomu iwe fupi: gari ilisimama? Uliulizwa kabla ya kuguswa? Ulilipa nauli gani? Kiti au fimbo yako iliwekwa wapi? Ulishushwa ulipotaka? Asiyeandika atume ujumbe wa sauti, kiziwi atume video ya lugha ya alama.

Katika ripoti moja ya njia ya Mkoani, mzee asiyeona alisimulia kuwa konda alimsalimia kwanza, akamwambia, "Mzee, hii ya Mkoani, mimi ndiye konda. Nikushike, au utanishika mimi?" Mzee akamjibu, "Nipe bega lako, mwanangu." Jioni ile ile, kwenye gari nyengine, mama mmoja aliambiwa kiti cha mwanawe nacho kina nauli yake. Gari zote mbili zilikuwa safi, na makonda wote wawili walihudhuria mafunzo. Ya kwanza ilipata cheti, ya pili haikupata.

Hatua ya 8: Toa cheti kwa majina

Cheti kiandikwe namba ya gari pamoja na jina la dereva na la konda, kwa mwaka mmoja. Akibadilika mmoja wao, mpya ana mwezi mmoja wa kufundishwa na kupimwa, la sivyo stika inatoka. Wanaosaini ni mwakilishi wa chama na wawakilishi wawili wa jumuiya, na wa chama peke yake hawezi kukitoa. Tajiri asilipe chochote kwa ajili ya cheti; gharama za ukaguzi zitoke kwenye mfuko wa chama, usije ukawa unauza.

Stika ibandikwe pembeni mwa mlango, kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Ndani, nyuma ya kiti cha mbele, weka kibandiko cha nukta nundu chenye namba ya gari na namba ya simu ya malalamiko, ili asiyeona ajue yumo gari gani bila kumuuliza konda anayemlalamikia.

Hatua ya 9: Sikiliza malalamiko, na futa inapobidi

Simu ipokewe na mtu wa jumuiya, si wa chama. Kila lalamiko liandikwe siku hiyo hiyo, konda asikilizwe, na jibu limfikie mlalamikaji ndani ya siku 14. Kumkataa abiria, kumtoza nauli ya kiti, au kumshika mtu vibaya kunafuta cheti moja kwa moja. Kuchelewa, kusahau kutaja kituo, kukosa kadi ya nauli: onyo na mafunzo upya, na ikirudiwa mara ya pili ndani ya mwaka, cheti kinakwenda.

Stika ibanduliwe stendi mchana, mbele ya viongozi wa foleni, na tajiri awepo. Jumuiya zijulishwe siku hiyo kwa ujumbe wa maandishi, wa sauti na wa video, na namba ya gari itajwe. Tajiri anaweza kuomba upya baada ya miezi sita, akianzia hatua ya 5.